Tunda la Ukutani

Ngowa alinijia na brashi nyuma ya kila sikio.
"Mwalimu, lile tunda la Hawa
ni tunda gani hasa?
Mbodze ananilipa elfu mbili na mia tano
nimchoree Edeni kwenye ukuta wa saluni, pale Maweni,
naye anataka tufaha jekundu
kama la kwenye video."

Nilisoma Kiebrania miaka minne
nikaacha upadri mwezi mmoja kabla ya daraja.
Nimebaki na kamusi iliyoliwa na mchwa
kuanzia alefu hadi gimeli,
na tabia mbaya ya kusahihisha watu.

Malindi hii sikosi kazi.
Tuktuk ya Thoya imeandikwa mgongoni:
JISAIDIE NAMI NIKUSAIDIE. HEZEKIA 6:14.
Nikamwambia, Thoya, Hezekia alikuwa mfalme,
hakuacha kitabu,
na maneno hayo Mungu hakuyasema,
walau si mbele ya mwandishi.
"Basi akiyasoma atayapenda," akajibu, akawasha injini.
Muuza kanda naye nikamwambia
Mathayo hakuwahesabu mamajusi,
alihesabu zawadi tu.
"Zawadi tatu, mwalimu. Zilijibeba?"

Kwa hiyo Ngowa nilimjibu kwa tahadhari.
Imeandikwa *peri*. Tunda. Basi.
Aliyeandika alikuwa na nafasi ya kulitaja
akanyamaza.
Tufaha lilidandia njiani, huko Kilatini,
ambako ubaya na tufaha
ni kama neno moja lililobadili kofia;
mtu akacheza na maneno, mchoraji akayafuata,
na watoto wa Barani, ambao tufaha huliona Krismasi,
wakajua ndilo lililotuua.

"Kwa hiyo hakuna anayejua?"
"Hakuna."
Sijawahi kumfurahisha mwanafunzi namna ile.

Siku ya nne niliitwa na kelele.
Saluni nzima iko nje, vichwa nusu vimesukwa,
Mbodze ameshika kitana kama panga.
Ukutani Hawa kasimama, mrefu, ana kipini puani,
na juu yake, kwenye tawi lililoinama,
limening'inia bibo.
Bibo! Jekundu, limeiva mpaka linang'aa,
na korosho yake chini, kama koma
iliyosahauliwa mwisho wa sentensi.

"Silipi! Hawa alizaliwa Gede?"

Ngowa alifuta mikono kwenye suruali, taratibu.
"Matunda yote huficha mbegu ndani.
Hili limeitoa nje, kila mtu aione.
Na maji yake yakikudondokea shatini, hayatoki.
Mama hakuwahi kuniuliza kama nimeiba mabibo.
Alikuwa akiniambia tu, geuka."

Mtu akacheka. Mwingine akalitazama gauni lake.
Ndipo Bi Tsofwa, aliyebaki ndani
na dawa ya nywele inamchoma,
akapaza sauti kupitia pazia:
"Ndiyo maana wakashona yale majani.
Uchi walikuwa nao tangu jana yake,
haukuwasumbua.
Walikuwa wanaficha madoa."

Nilifungua mdomo.
Nilikuwa na kitenzi tayari, na mzizi wake,
na wazee wawili wa zamani wa kunishikia mkono.
Nikaufunga.

Mbodze alilipa, akakata mia tatu
kwa ajili ya kipini.
Wateja wanapiga picha pale sasa,
wanainua vidole karibu na bibo
bila kuligusa.

Nami nyumbani nina kanzu nyeupe
ndani ya sanduku, haijavaliwa hata mara moja mbele ya watu.
Ina doa la kahawia kwenye mkono wa kushoto,
dogo, kama ukucha wa mtoto.
Mwaka wa kumi na tisa huu
anayeliona namwambia ni kutu.